Kidole gumba cha Thogoto: karatasi ya 1929 na makanisa iliyoyazaa

Kuna kitu kwenye historia ya kanisa hapa Kenya ambacho hunichekesha na kunisikitisha kwa wakati mmoja. Watu waliolelewa na Waskoti, Wapresbiteri wale wasiotaka kabisa kusikia habari ya askofu, ndio hao hao waliokuja kuhangaika miaka ya 1930 wakimtafuta askofu kila kona, mpaka wakachangishana wakamleta mmoja kutoka Afrika Kusini. Ukiuliza walifikaje huko, jibu linaanza na kidole gumba.

Tuseme ni Oktoba 1929, Kikuyu. Wewe ni mwalimu kwenye shule ndogo ya kijijini iliyo chini ya Misheni ya Kanisa la Scotland, mshahara si wa kujivunia lakini heshima unayo, watu wanakuita muthomi, yaani msomaji, na Agano Jipya la Kikuyu lililochapishwa 1926 bado linanukia upya mkononi mwako. Unaitwa. Mezani kuna karatasi na inataka mambo mawili kwa mpigo: ukane tohara ya wasichana, na ukane kuwa mtu wa Kikuyu Central Association, ile KCA iliyokuwa ikipiga kelele kuhusu ardhi. Unatia saini, na kama kalamu hamjazoeana unabonyeza kidole gumba. Ukikataa kazi imeisha, na ushirika nao umeisha, meza ya Bwana utaiangalia kwa mbali kama mgeni.

Alama hiyo ya kidole kwa Kikuyu inaitwa kirore, na jina likawashika. Waliokubali wakaitwa Kirore, na halikuwa jina la sifa. Waliokataa wakaitwa aregi, wakatavu. Ndani ya wiki chache nyumba zikagawanyika, ndugu huyu huku na ndugu yule kule, na kuna vituo vya misheni ambavyo Jumapili viliamkia mabenchi matupu, Chogoria kule Meru ikiwa miongoni mwa vilivyoumia zaidi. Sasa mtu anayesoma leo anaweza kudhani huu ulikuwa ugomvi wa mila tu, wazungu wanapinga tohara na Wakikuyu wanaitetea, kwisha. Mimi naona karatasi ile ilibeba mzigo mzito kuliko huo.

Anza na kidole chenyewe. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1920 kila mwanaume mzima Mwafrika alilazimika kutembea na kipande, kitambulisho chenye alama za vidole ambacho wengi walikivaa shingoni ndani ya kikopo cha bati, na usipokuwa nacho unalala ndani. Kwa hiyo kidole kwenye karatasi ya mzungu hakikuwa na harufu yoyote ya kiroho, kilikuwa na harufu ya polisi. Na ya ardhi pia, maana hii ndiyo miaka ambayo mashamba ya Kiambu yalikuwa yameshachukuliwa na walowezi na misheni yenyewe ilikuwa imekaa juu ya ekari za kutosha, basi uvumi ukatembea haraka kuliko mapasta: weka kirore pale na shamba lako limeenda. Wazee walikuwa na msemo wao tayari, gutiri muthungu na mubia, hakuna tofauti kati ya mzungu na padre. Karatasi iliyochanganya mwili wa binti yako na chama kinachodai shamba lako kwenye sentensi mbili zilizofuatana iliwapa ushahidi mezani. Kama Arthur angeacha KCA nje ya ile karatasi sidhani tungekuwa na kisa hiki, au tungekuwa nacho kidogo tu.

Arthur ndiye nani? Daktari John Arthur, alifika Thogoto, kituo cha Waskoti pale Kikuyu, 1907 kuendesha hospitali na baadaye akawa mkuu wa misheni nzima. Na huyu si yule mmishenari wa kwenye katuni anayechukia kila kitu cha Mwafrika. Mwaka 1917 serikali ilipokuwa inakamata wanaume kwa nguvu kuwapeleka kubeba mizigo kwenye vita vya Tanganyika, ambako wabebaji walikufa kama nzi, yeye alikusanya zaidi ya 1,500 kutoka misheni mbalimbali akaenda nao mwenyewe, akala nao shida. Baadaye akakaa kwenye baraza la Gavana akiwa na kazi ya kusemea maslahi ya Waafrika, kiti ambacho alikiachia mwaka huo huo wa 1929 joto lilipozidi. Alikuwa mtu wao, kwa namna fulani. Na kama daktari alikuwa ameona kwa macho yake uzazi ulivyokuwa unawaua wanawake wenye makovu makubwa. Misheni ilikuwa inafundisha dhidi ya jambo hilo tangu 1906, kwa hiyo hakulizua juzi.

Hapa niweke wazi nilipo. Ukeketaji ni madhara, Kenya iliupiga marufuku kwa sheria yake ya 2011, na sina hamu ya kuwapamba waliousimamia kwa jina la utamaduni. Ila mara nyingi kisa hiki kinasimuliwa kama mechi ya wanaume weupe na wanaume weusi, na wasichana wenyewe wakiwa ni mpira. Si kweli kabisa. Upande wa Tumutumu, Nyeri, wasichana na wanawake wa misheni walikuwa na kikundi walichokiita Ngo ya Tuiritu, ngao ya wasichana, na mwisho wa 1931 waliliandikia baraza la wenyeji barua ambayo ukiisoma leo unakaa wima. Walisema wanashangaa kusikia wanaume wakijadili jambo hili ilhali wanaume hawazai wala hawajui uchungu wake, kwamba wengine wanakufa na wengine wanabaki tasa, na kwamba isiwe ya kulazimishana, watu wasikamatwe kama kondoo, kila mmoja aachiwe kuamua juu ya mwili wake. Hiyo ni 1931! Hawakuomba mtu yeyote aweke kidole kwenye karatasi, waliomba kulazimisha kukome. Mara nyingi nimejiuliza ingekuwaje kama misheni ingewatanguliza hawa mbele halafu Arthur akae nyuma.

Twende kwenye Biblia, maana hapa ndipo utamu ulipo. Waskoti walikuwa na imani moja kubwa: mpe mtu Neno kwa lugha yake, mfundishe kusoma, atajionea ukweli mwenyewe. Sawa. Sasa watafsiri walipofika kwa Bikira Maria walihitaji neno la Kikuyu la msichana ambaye hajaolewa, wakatumia muiritu. Tatizo ni kwamba muiritu si msichana yeyote tu. Muiritu ni aliyeshapita kwenye irua, aliyetahiriwa. Ambaye hajapita anaitwa kirigu, na hilo ni tusi, humwiti mtoto wa mtu kirigu ukaondoka salama. Kwa hiyo aregi walifungua Injili ya Luka, ile ile waliyopewa na misheni, wakaonyesha kwa kidole: malaika alitumwa kwa muiritu. Basi Mama wa Bwana alitahiriwa, imeandikwa, nani tena anatukataza? Wakaongeza Abrahamu na wake zake, wakaongeza kwamba hakuna mstari hata mmoja ambapo Yesu anakataza irua ya wasichana. Utasema ni hoja ya ujanja ya lugha, na ni kweli hapo walijinufaisha na kosa la mfasiri. Lakini angalia walichofanya. Hawakuitupa Biblia wakarudi mugumoni, kwenye mti wa ibada wa wazee. Walimwambia mmishenari, kitabu chako kinatuunga mkono sisi. Hiyo ni tabia ya Kipresbiteri kabisa, mtu anashikilia Andiko mbele ya mkubwa wake na kumwambia nionyeshe wapi.

Wakati huo huo barabarani kuna wimbo. Muthirigu ulilipuka mwisho wa 1929, ngoma ya kucheza na kutukana kwa pamoja, na beti zikiongezwa kila kijiji, wanamtaja Arthur, wanawataja machifu, hata Gavana hapumziki, na wale wasichana ambao hawajatahiriwa wanaimbiwa mambo ambayo siwezi kuyaandika hapa. Januari 1930 serikali ikaupiga marufuku, watu wakawekwa ndani kwa kuimba. Na mwezi huo huo mmishenari wa Kimarekani, Hulda Stumpf wa Africa Inland Mission, yaani AIM, akauawa Kijabe, na hofu ikawa kubwa pande zote. Misheni ya AIM nayo ilikuwa imechukua msimamo mkali kama Waskoti, na wale wa Gospel Missionary Society wa Kambui pia. Waanglikana wa misheni ya CMS walilegeza zaidi, wakayaachia makanisa ya mahali kuamua, ndiyo maana walipoteza watu wachache.

Sasa swali langu la uchambuzi. Watu wametoka, wamekasirika, mbona hawakutawanyika tu? Kila misheni duniani imewahi kupoteza watu na wengi wanarudi nyumbani na mambo yanaisha. Hawa walitoka wakiwa na muundo tayari. Na huo muundo, jamani, waliupewa na Waskoti.

Kanisa la Kipresbiteri halina askofu. Linaendeshwa na wazee wanaochaguliwa, wanaokaa kikao, wanaoandika kumbukumbu za kikao kwenye daftari, wanaohesabu sadaka na kuandika senti, wanaomwita mtu aliyekosea na kumhoji. Mkikuyu aliyaona hayo na hakushangaa hata kidogo kwa sababu kwao kulikuwa na kiama, baraza la wazee, miaka yote. Kwa hiyo kwa miaka ishirini hivi misheni ilikuwa inawafundisha watu kufanya kikanisa kitu walichokuwa wanakifanya kijijini, ikiongeza kalamu, daftari na utaratibu wa kamati. Ongeza na shule. Shule nyingi za vijijini zilijengwa na wenyeji, miti yao, udongo wao, nyasi zao, mwalimu wa kwanza mtoto wao, misheni ikileta usimamizi na jina. Siku ya kugawana ikafika, swali la kwanza la aregi halikuwa la teolojia. Lilikuwa: hii shule ni ya nani?

Majibu yakawa shule mpya. Mbegu zilikuwepo hata kabla ya 1929, lakini baada ya hapo zilichipuka kila mahali, watu wanachanga, wanawake wanabeba mchanga na maji, mwalimu analipwa kinachopatikana. Kufikia katikati ya miaka ya 1930 kulikuwa na jumuiya mbili, KISA, yaani Kikuyu Independent Schools Association, iliyokuwa na nguvu Murang'a na Nyeri chini ya Johana Kunyiha, na Karing'a, walio safi, wenye makali zaidi, ngome yao ikiwa Kiambu, yaani mlangoni kwa Thogoto kabisa. KISA walikubali kufuata mtaala wa serikali ili wapate kutambuliwa, Karing'a wakasema hapana asante. Wote wawili walitaka Kiingereza kifundishwe mapema, maana walishaona kwamba anayejua Kiingereza ndiye anayesoma barua za DC, mkuu wa wilaya, bila mkalimani. 1939 wakafungua chuo cha walimu Githunguri, Mbiyu Koinange akiwa mkuu, chuo cha watu waliofukuzwa shule. Sijui kama kuna jambo lingine la miaka ile linalonipa fahari kama hilo.

Lakini shule si kanisa. Na hapa ndipo kisa kinapogeuka, sehemu ambayo wasimulizi wengi wanaipita mbio wakikimbilia Mau Mau.

Watoto walikuwa wanazaliwa. Nani abatize? Vijana wanataka kuoana kikristo, nani afungishe? Mzee amekufa akiwa mkristo, nani amzike kwa kitabu? Misheni ilikuwa imewafungia milango ya sakramenti na mapasta Waafrika wachache waliokuwepo, kina Musa Gitau aliyewekewa mikono 1926, walibaki upande wa misheni. Aregi walikuwa na wazee, walikuwa na walimu wanaohubiri vizuri kuliko mzungu, walikuwa na nyimbo, Biblia, majengo, kamati na mweka hazina. Hawakuwa na hata mtu mmoja aliyewekewa mikono. Unaweza kusema si wangechagua tu mzee mmoja wamwekee mikono wenyewe, nani angewakamata? Wangeweza. Makanisa mengine ya Kiafrika yalianza hivyo hivyo kwa mtu kuota ndoto na kuamka nabii, na hata hapo Ukikuyu wakati huo huo kulikuwa na Arathi, wale ambao baadaye tumewajua kama Akurinu, waliosema Roho ndiye aliyewatuma na hawakungoja cheti cha mtu.

Aregi hawakutaka hivyo, na mimi nadhani ni kwa sababu walikuwa wamefundishwa vizuri mno. Walijua kwamba mzee peke yake hamfanyi mtu pasta, lazima awepo ambaye naye aliwekewa, na nyuma yake mwingine, mpaka ufike mbali. Walitaka ubatizo ambao Arthur hangeweza kuucheka. Walimwendea hata askofu wa Anglikana wa Mombasa wakiomba awafundishie watu wao, lakini masharti yake yangewaweka tena chini ya usimamizi ule ule wa kizungu, ikafa.

Msaada ukapita bandarini. Daniel William Alexander, mzaliwa wa Port Elizabeth, alikuwa askofu mkuu wa African Orthodox Church, kanisa lililoanzishwa Marekani 1921 na George Alexander McGuire, mtu wa Antigua aliyewahi kuwa kasisi mkuu wa harakati za watu weusi za Marcus Garvey. Alexander aliwekwa uaskofu huko Marekani 1927. Alikuwa ametoka Uganda kumtembelea Reuben Spartas aliyejitenga na Waanglikana, na akipitia Mombasa njiani kurudi kwao akakutana na James Beauttah, mwana KCA. Habari ikapanda bara. Askofu, mweusi, mwenye vazi na fimbo, hayuko chini ya mzungu yeyote, na anasema mnyororo wake wa uaskofu unafika hadi kwa mitume. Ungekuwa wewe ungefanyaje? Walimwandikia, wakachanga, na mwisho wa 1935 akashuka Mombasa.

Akakaa Gituamba, Murang'a, mwaka na nusu hivi. Hebu mwone mwalimu wetu wa zile karatasi, mwaka wa sita sasa tangu akatae kidole, ameketi kwenye darasa la Gituamba anajifunza ibada ya Kiothodoksi, ubani, ishara ya msalaba, mambo ambayo Thogoto wangeyaita ya Roma kabisa. Mtu aliyekuzwa kwenye kanisa la kuta tupu na zaburi anafundishwa namna ya kushika chetezo. Nje watu wamepanga foleni na watoto wa miaka sita na saba hawajabatizwa. Mwaka 1937, kabla hajaondoka, Alexander aliwawekea mikono Waafrika, kina Arthur Gatung'u Gathuna, Daudi Maina, Philip Kiande na Harrison Gachukia. Meli ikaondoka naye na njaa ya sakramenti ikaisha.

Na palipoisha njaa pakaanza ubishi, ndivyo binadamu tulivyo. Watu wa KISA wengi hawakupenda jina la Othodoksi wala kuwa chini ya mtu wa Afrika Kusini, wakaunda kanisa lao wakaliita African Independent Pentecostal Church, ile AIPCA tunayoijua leo. Usidanganywe na hiyo Pentekoste, ukienda ukitegemea kunena kwa lugha utakaa sana. Walimaanisha ni Roho Mtakatifu anayewaongoza, si ofisi fulani ng'ambo, na ibada yao inafanana zaidi na za makanisa ya misheni waliyotoka. Karing'a na Gathuna wakabaki na jina la Othodoksi. Kisha wakaja kugundua, Spartas wa Uganda ndiye aliyeng'amua mapema, kwamba lile kanisa la McGuire halitambuliwi na Waothodoksi wa zamani wa Mashariki. Mtu mwingine angenyamaza. Hawa wakaandika Aleksandria, Misri, kwa Patriaki mwenyewe, na 1946 wakapokelewa. Nikifika hapa huwa nasimama kidogo, maana ni safari ya ajabu kweli: Edinburgh, Thogoto, Gituamba, Aleksandria, na bado mtu ni yule yule anayetafuta ubatizo usio na kasoro.

1952 ikawamaliza karibu wote. Hali ya hatari ilipotangazwa serikali ilifunga shule za KISA na Karing'a na makanisa yake kwa tuhuma kwamba ni vichaka vya Mau Mau, baadhi ya majengo yakabomolewa, Gathuna akawekwa kizuizini, na chuo cha Githunguri, kile kile cha walimu, serikali ikakigeuza mahali pa kunyongea watu. Hili sina la kuongeza.

Waliobaki kwa Waskoti je? Itakuwa dhuluma nikiwaacha kama vibaraka, na wamesimuliwa hivyo vya kutosha. Kirore walitukanwa njiani, walitengwa na koo zao, na wakati wa Mau Mau wengine waliuawa kwa kukataa kiapo. Lakini kuondoka kwa wenzao kuliwapa nguvu fulani ndani ya misheni, maana mmishenari aliyeona mabenchi matupu 1929 hakuwa tena na ubavu wa kumpuuza mzee wa kanisa aliyebaki. Mwaka 1943 likaundwa Presbyterian Church of East Africa, PCEA, mwaka 1946 watu wa Kambui wakaingia, 1956 likaungana na lile la walowezi wa St Andrew's Nairobi na kuwa kanisa moja linalojitawala. Charles Muhoro Kareri akawa moderata, yaani mwenyekiti wa kanisa, wa kwanza Mwafrika 1961, John Gatu akawa katibu mkuu 1964. Neno walilolichagua kuwa wito wao ni Jitegemea. Ukilisoma kwa sikio la 1929 unasikia Karing'a ndani yake, ingawa hakuna aliyetaka kusema hivyo kwa sauti. Kwa hiyo mtu akiniuliza kanisa la Kiafrika lililozaliwa na misheni ya Waskoti ni lipi, nitamwambia yote matatu, PCEA, AIPCA na Othodoksi, na hayakuzaliwa na mahubiri yale yale.

Halafu kuna mwaka 1971, ambao naupenda kwa sababu unaonekana kama mtu aliupanga. Mwaka huo Gatu alisimama Milwaukee, Marekani, mbele ya watu wa misheni, akawaambia warudi nyumbani, wamishenari na pesa zao, wayaachie makanisa ya Afrika nafasi ya kusimama yenyewe. Kelele zilizozuka zilizunguka dunia. Na mwaka huo huo Makarios, askofu mkuu na rais wa Kupro, ambaye Waingereza walimfungia Shelisheli miaka ya 1950, akafika Kenya, akabatiza maelfu ya watu na kuweka jiwe la msingi la chuo cha makasisi pale Riruta, kilomita chache tu kutoka Thogoto. Watoto wa Kirore wanawafukuza wazungu, watoto wa aregi wanampokea askofu mgeni kwa vigelegele.

Gathuna alifika mbali zaidi. Mapema miaka ya 1970 Aleksandria ilimfanya askofu, mtoto wa Karing'a mwenyewe sasa na fimbo mkononi, hakuna tena kumtafuta mtu kwa meli. Haikuchukua muda akaingia kwenye mvutano na uongozi wa Kigiriki uliokuwa juu yake, kuhusu nani hasa anaamua mambo ya kanisa hapa Kenya, na 1979 wakamvua uaskofu. Akakataa kuondoka, na sehemu kubwa ya watu wake wakabaki naye.